VOLKSWAGEN "KOBE": GARI RAHISI KWA MAANA ZOTE MBILI

Katika Kiswahili tunalo neno moja ambalo huwatatiza wageni wanaojifunza lugha yetu. Neno lenyewe ni "rahisi". Mwarabu, aliyetupa neno hili, yeye hulitumia kwa bei: kitu kisichokuwa ghali. Mswahili alipolipokea alilitanua, akalitumia pia kwa jambo lisilokuwa gumu. Kwetu sisi ndizi huwa rahisi sokoni, na hesabu huwa rahisi darasani. Ni kama kwamba wazee wetu waliona kuwa unafuu wa mfuko na unafuu wa kazi ni ndugu wa tumbo moja, na anayewatenganisha atakuja kujuta baadaye.

Nimelikumbuka neno hili kwa sababu ya gari. Si mara moja wala mbili nimewaona vijana hapa Mombasa wameizunguka Volkswagen kongwe iliyoegeshwa kando ya njia, ile yenye mgongo wa mviringo, wakiipiga picha kwa simu zao na kumwuliza mwenyewe kama anaiuza. Magari ya mamilioni ya shilingi yanapita hapo hapo kwa makumi, wala hapana anayegeuza shingo. Vijana hao wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati gari hilo lilipokuwa likijaa katika barabara zetu. Je, wanaona nini?

Sisi watoto wa chuoni katika mtaa wetu tulikuwa tukiliita kobe. Jina lilikuwa limelielea vyema, kwa umbo lake na kwa tabia yake. Na jibu langu kwa swali hilo ni kuwa kobe huyu alikuwa rahisi kwa maana zote mbili za Kiswahili. Magari yaliyokuja baadaye yakaishika moja tu kati ya maana hizo, na mengine hayakuishika hata moja.

AHADI YA STEMPU

Asili ya gari hili si njema, wala haifai kufichwa. Mwaka wa 1934, Hitler akiwa ameshika utawala wa Ujerumani, alitaka litengenezwe gari la raia wa kawaida. Ndiyo maana ya jina Volkswagen: gari la watu. Masharti yalikuwa mazito. Lichukue watu wazima wawili na watoto watatu, liende kilomita 100 kwa saa bila kuchoka, litumie kama lita 7 za petroli kwa kilomita 100, lipozwe kwa hewa badala ya maji, na bei yake isifike Reichsmark 1,000. Kazi hiyo alipewa mhandisi Ferdinand Porsche.

Porsche hakuwa peke yake katika fikra hizo. Huko Czechoslovakia mhandisi Hans Ledwinka wa kiwanda cha Tatra alikuwa na magari yenye injini nyuma na yaliyopozwa kwa hewa, na Tatra ilidai kuwa ujuzi wake umechukuliwa. Vita vilipoingia madai hayo yalikandamizwa, yakaja kumalizwa kwa malipo katika miaka ya 60.

Mwezi wa Mei 1938 jiwe la msingi la kiwanda liliwekwa karibu na Fallersleben. Bei ilitangazwa kuwa Reichsmark 990, na raia wakaambiwa wanunue stempu za Reichsmark 5 kila wiki, wazibandike katika kitabu mpaka kijae, kisha wapewe gari. Watu kama 336,000 waliingia katika mpango huo. Walikuwa mafundi, makarani na wafanyakazi wa viwandani, waliojinyima ili siku moja wawachukue watoto wao matembezini. Hata mmoja wao hakulipata gari lake kwa mpango huo. Vita vilianza 1939, na kiwanda kikageuzwa kutengeneza magari ya jeshi.

Si hayo tu. Kiwanda hicho kilijaa watu wapatao 20,000 waliolazimishwa kufanya kazi, wakiwamo mateka wa vita na wafungwa wa kambi za mateso. Waliteswa, wakashindishwa na njaa, na wengine wakafa. Hii ni dhulma, na dhulma haifutiki kwa sababu umbo la gari linapendeza. Mwaka wa 1998, baada ya zaidi ya nusu karne, kampuni ilianzisha mfuko wa kuwasaidia wale waliokuwa wangali hai.

Ama wale wenye stempu, walikwenda mahakamani baada ya vita, na kesi yao ikaburutwa mpaka 1961. Mwisho wake walikubaliwa punguzo la hadi mark 600 kwa mwenye kununua Volkswagen mpya, au mark 100 taslimu kwa asiyetaka gari. Haki ilifika, ingawa ilifika ikichechemea, na wengi walikuwa wamekwisha kuzeeka.

KIWANDA KATIKA MAGOFU

Vita vilipokwisha 1945, kiwanda kilikuwa katika sehemu ya Ujerumani iliyotawaliwa na Waingereza, nao mji ukapewa jina jipya la Wolfsburg. Mabomu yalikuwa yamekipasua mapaa. Afisa mmoja wa jeshi la Uingereza, Meja Ivan Hirst, aliletwa kukisimamia. Alilichukua gari moja, akalipaka rangi ya jeshi, akalipeleka kwa wakubwa wake walitazame. Jeshi lilikuwa na uhaba mkubwa wa magari, basi likaagiza 20,000. Tarehe 27 Desemba 1945 kazi ya kuunda magari ya raia ikaanza kwa utaratibu, na kufika mwisho wa mwaka yalikuwa yametoka 55.

La kuchekesha ni kuwa mabwana wa viwanda vya magari vya Uingereza walipoletewa habari ya gari hili hawakulitaka. Waliliona baya, lenye kelele, na lisilo na mbele. Mwaka wa 1948 uongozi ukashikwa na Mjerumani Heinrich Nordhoff, naye akafanya jambo ambalo wengi hawakulifahamu wakati ule. Badala ya kubadilisha umbo kila miaka miwili ili watu waone haya kuendesha la zamani, aliliacha umbo lile lile, akawa anarekebisha vya ndani, kidogo kidogo, kila mwaka. Kioo cha nyuma kilichokuwa vipande viwili kikawa kimoja 1953. Nguvu zikapanda kutoka za farasi 25 hadi 30, kisha 34. Tarehe 5 Agosti 1955 gari la milioni moja likatoka kiwandani.

Mwezi wa Februari 1972 idadi ikapita 15,007,033, ambayo ndiyo iliyokuwa hesabu ya Ford Model T ya Marekani, na kobe akawa ameshinda mbio ndefu kuliko zote.

INJINI NA BOLTI NNE

Sasa tuifike ile maana ya pili ya rahisi. Injini ya Volkswagen ina silinda nne, nazo zimelazwa, mbili zikiwaelekea wenzao wawili. Imekaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma gari, kwa hivyo katika mchanga na tope uzito unakaa pale unapohitajiwa. Haina rejeta, haina maji wala mipira ya kupasuka. Feni inasukuma hewa juu ya silinda, basi. Katika miaka ya 50, wakati sehemu kubwa ya njia ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi ilikuwa vumbi tupu, na magari mengine yakisimama katika nyika ya Taru yakifoka mvuke kama birika, hili lilipita. Kisichokuwa na maji hakichemki.

Chini yake ni bapa la chuma, laini kama tumbo la kobe, lisilonasa katika visiki. Madigadi yake manne yamefungwa kwa bolti tu. Likigongwa, hulichomelei gari zima. Unafungua lililopindika, unafunga jingine. Na injini yenyewe imeshikwa katika gia kwa bolti nne.

Nimeyashuhudia haya kwa macho yangu. Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa bandarini Kilindini, na alikuwa na Volkswagen ya 1200. Hakusomea ufundi wowote. Alichokuwa nacho ni spana chache, jeki moja, na kitabu kilichochakaa kwa mafuta. Klachi ilipokwisha, hakwenda gereji. Jumapili moja baada ya chai alilinyanyua gari kwa nyuma pale uani, akafungua bolti zile nne, na yeye na jirani yake wakaishusha injini juu ya ubao na kuivuta nje. Mimi kazi yangu ilikuwa kuhesabu nati katika kikombe cha bati, na kula kofi ikipotea moja. Kabla ya adhana ya alasiri gari lilikuwa likinguruma, na ami ameingia kuoga.

Alilipa nini siku ile? Bei ya klachi na kikombe cha kahawa cha jirani. Hapo ndipo utakapoona kuwa bei ya gari haimo katika risiti ya kulinunulia peke yake. Imo pia katika kila siku utakayoishi nalo.

Kulikuwa na werevu mwingine wa kimaskini ndani yake. Magari ya zamani, kabla ya miaka ya 60, hayakuwa na mshale wa kuonyesha petroli. Injini ikianza kukohoa, dereva alisukuma kijibomba chini kwa mguu, ikafunguka akiba ya kumfikisha kwenye kituo. Baadaye, maji ya kuoshea kioo cha mbele yalirushwa kwa pumzi iliyotolewa katika tairi la akiba. Hayo si mambo ya fahari, lakini ni ya mtu aliyeketi akafikiri vipi kitu kimoja kifanye kazi mbili.

SAFARI

Gari hili lina haki yake katika historia ya Afrika Mashariki. Mwaka wa 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano ya magari ya Coronation Safari, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika orodha ya washindi, jina la kwanza kabisa ni la Alan Dix na mwenzake Larsen, ndani ya Volkswagen. Mwaka uliofuata, 1954, akashinda Vic Preston na D. P. Marwaha, Volkswagen tena. Mwaka wa 1957 ikawa zamu ya Gus Hofmann na Arthur Burton, na 1962 Tommy Fjastad na Bernhard Schmider. Mara nne, katika njia zilizovunja magari makubwa yenye nguvu mara mbili na tatu.

Ushindi huo ulikuwa na maana kubwa kwa mwananchi kuliko kombe. Karani, mwalimu, na mwenye duka la kijijini walifahamu kuwa gari lililopita katika tope lile ni ndugu wa gari wanaloweza kulinunua wao. Leo magari ya mashindano hayafanani na ya barabarani ila kwa jina lililobandikwa ubavuni.

MAJINA YAKE

Kitu kikipendwa hupewa majina, na sidhani liko gari lililopewa majina mengi kama hili. Wajerumani wenyewe waliliita Käfer, yaani mdudu mwenye gamba, na Waingereza wakafuata kwa Beetle. Mfaransa akaliita Coccinelle, Mwitalia Maggiolino, nao wote wakaona mdudu. Watu wa Indonesia, ndugu zetu katika dini, wao waliona chura wakaliita Kodok. Wabrazili walijaribu kulitamka Volks likawageukia mdomoni, likawa Fusca. Na Wameksiko wakaliita Vocho.

Huko Meksiko ndiko alikoishi mwisho. Wolfsburg iliacha kuliunda 1974, na Ujerumani yote ikaacha lile la paa gumu Januari 1978. Brazili ililiacha 1986, ikalirudisha 1993 kwa ombi la Rais Itamar Franco, ikaliacha tena 1996. Lakini kiwanda cha Puebla, Meksiko, kiliendelea, na katika jiji la Mexico City maelfu yao yalikuwa teksi za rangi ya kijani na nyeupe. Tarehe 30 Julai 2003 likatoka la mwisho, likichezewa muziki wa mariachi kama bi harusi anayetolewa kwao. Hesabu ilikuwa imefika 21,529,464. Gari lile la mwisho lilipelekwa makumbusho ya Wolfsburg, likarudi kwa babu zake. Karibu na kwetu, atakayekwenda Addis Ababa atayaona yangali yakipanda vilima vya mji ule pamoja na magari ya kisasa.

ILA ZAKE

Nikisema sifa peke yake nitakuwa dalali, si mwandishi. Gari hili lilikuwa na ila. Lilipiga kelele hata mazungumzo yakawa ni kupaaza sauti. Taa zake za zamani, za volti 6, zilikuwa kama kibatari. Tangi la petroli lilikuwa mbele, karibu na miguu ya abiria, jambo la hatari likigongwa uso kwa uso. Magurudumu ya nyuma ya magari ya mwanzo yalikuwa na tabia ya kujikunja chini katika kona kali, na dereva mwenye papara alipinduka. Kwa vipimo vya usalama vya leo lisingepewa ruhusa, na haki. Asije mtu akasema namwambia baba wa watoto watano auze gari lenye mikanda na breki nzuri anunue kobe.

Ninalolisema ni jingine. Kampuni yenyewe ilijaribu kuwauzia watu kumbukumbu. Mwaka wa 1997 ilitoa New Beetle, yenye mgongo ule ule wa mviringo. Lakini injini ilikuwa mbele, inapozwa kwa maji, na bei haikuwa ya karani. Ilibakishwa sura, ikaondolewa rahisi zote mbili. Watu walilinunua, kwani sura ilikuwa nzuri, na baadaye likafuatwa na jingine, kisha Julai 2019 likasimamishwa kabisa. La zamani liliishi zaidi ya miaka 60. Kumbe watu hawakuwa wamelipenda kwa umbo lake tu. Umbo lilipendwa kwa sababu ya wema uliokuwa ndani.

RAHISI ILIYOPOTEA

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na mara nyingi ni kweli. Lakini leo tumepata balaa jipya: ghali ivunjayo upishi na nyumba pia. Magari yaliyotumika huko ng'ambo hushushwa katika bandari yetu hii, nayo sheria inataka yasizidi miaka 8. Yanang'ara, na kiti chake ni kama kochi. Likizima njiani, unafungua boneti unakuta kifuniko cha plastiki, na chini yake nyaya. Fundi naye lazima aje na kompyuta ili gari limwambie linaumwa wapi. Akishajua, kifaa chenyewe hakitengenezeki. Hutupwa kikanunuliwa kingine.

Kijana wa kwetu hulichukua gari hilo kwa mkopo wa riba, na huku anajua hukumu ya riba katika dini yake. Likiharibika, huchukua mkopo wa pili kwa kuweka rehani logbook. Nimewajua waliouza kiwanja cha urithi, na gari lenyewe likaja kuvutwa kwa kamba na wenye deni mbele ya majirani. Huo ndio uchungu ulionifanya niandike haya, wala si mapenzi ya vyuma vya kale.

Ulimwengu ulishangaa kwa José Mujica, aliyekuwa Rais wa Uruguay kuanzia 2010 hadi 2015. Alipotakiwa kutangaza mali yake mwaka huo wa 2010, ilikuwa ni dola 1,800: thamani ya Volkswagen yake ya buluu ya 1987. Mwaka wa 2014 alieleza kuwa sheikh mmoja wa Kiarabu ametaka kuinunua kwa dola milioni moja. Hakuiuza, na alikuwa nayo mpaka miaka yake ya mwisho. Alifariki Mei 2025. Mujica hakuwa Mwislamu, na hata dini yoyote hakudai. Lakini sisi tunaofundishwa chuoni tangu utotoni ubaya wa israfu, tulipaswa kuona haya kidogo kwamba somo hilo limetufikia kutoka Amerika ya Kusini kwa mtu asiyesoma chuoni kwetu.

Basi kijana unayetaka gari, nunua, Mungu akutilie baraka. Lakini kabla hujatia saini, liulize Kiswahili chako maswali mawili: je, ni rahisi kulinunua bila ya deni la kunyima usingizi? Na je, ni rahisi kulitunza, mimi na fundi wa mtaani kwangu, mpaka lizeeke? Likikosa la kwanza, subiri. Likikosa la pili, subiri zaidi. Nanyi mafundi wazee mliosalia, mnaoijua injini kwa kuisikiliza tu, mwiteni mtoto ashike kikombe cha nati. Elimu ya mikono haiandikwi kitabuni ikatosha.

Nami kwa kuwa mwenzenu ni mtu wa mashairi, nimemtungia kobe ubeti mmoja wa shukrani:

Kobe hendi kwa papara, mwendowe ni taratibu,
Hana pembe za fahara, wala tambo za ajabu,
Hampi mtu hasara, wala deni la aibu,
Akifika yu salama, na nyumbaye mgongoni.